Jarida la Muziki, Si la Madini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mtihani wa kuandika mlio wa gitaa. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kupiga taipu, nimetoka kwetu Handeni na sanduku moja la nguo, nikaambiwa kuna ofisi Korogwe, nyuma ya duka la vipuri vya matrekta, inatafuta mpiga taipu. Nilidhani ni ofisi ya mkonge, maana wakati ule ukisikia ofisi Korogwe ulifikiria mkonge kwanza. Nikafungua mlango, nikamkuta mtu wa makamo amevaa koti jeusi la ngozi, zipu imefungwa mpaka shingoni. Joto la Korogwe mnalijua. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyetoka kuoga mtoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Taipu unaijua?"

"Naijua."

"Kaa. Andika ninavyosema." Akafumba macho. "Ngoma zikaanza taratibu. Mara gitaa la solo likaingia, likalia: nyaaauuuu!"

Nikaandika mpaka "likalia", nikasimama. "Samahani mzee, hiyo nyau ina a ngapi?"

Akafumbua macho, akanitazama. "Wenzako wote waliokutangulia hapa hakuna aliyeuliza," akasema. "Wote wameniandikia paka."

Nikaajiriwa palepale.

Huyo ndiye Mhariri Mkuu. Zamani alikuwa fundi umeme kwenye shamba la mkonge, na injinia mmoja mgeni, alipohama, alimwachia gramafoni na kasha la santuri za roki. Akazisikiliza, na akili yake haikurudi tena kwenye nyaya. Akauza baiskeli na mbuzi, akanunua mashine ya kuchapia, akaanzisha jarida la muziki wa roki kwa Kiswahili. Neno "roki" halikumpendeza. Alisema ni neno lililofika kwa basi na halijapata pa kulala. Yeye aliutafsiri: muziki wa mwamba. Na jarida akaliita Mwamba, herufi nene nyeusi, chini yake picha ya mpiga gitaa mwenye nywele za kufika mgongoni.

Nyinyi vijana mnaoandika kwa kidole gumba hamtaamini tulivyofanya kazi. Makala ilipigwa taipu juu ya stensili, karatasi yenye nta ambayo herufi huitoboa ili wino upite. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena. Nakala ya kwanza tuliita prufu. Hiyo Mhariri Mkuu aliisoma kwa sauti, na sehemu za gitaa aliziimba, kwa hiyo mafundi wa jirani walijua habari za toleo kabla halijatoka. Tulikuwa na kanuni zetu za uandishi pia. Gitaa la solo lililia "nyau" kwa a tatu, likipandisha sauti zinakuwa tano. Bezi lilisema "dumu". Ngoma zilikatazwa kusema "pwaa", maana pwaa ni mtu kaanguka kwenye maji.

Wa tatu ofisini alikuwa Meneja wa Mauzo, aliyewahi kuwa kondakta wa basi. Hakuwa na shida na muziki wowote ule. Shida yake ilikuwa marejesho, yaani nakala zinazorudi bila kuuzwa, na zetu zilirudi zote. Alikalia marejesho, aliegemea marejesho, na chai aliiweka juu ya marejesho.

"Mkuu," alisema siku moja, "watu hawaujui muziki huu. Tuweke mapenzi. Tuweke barua za walioachwa."

"Jarida langu halitalia machozi ya jirani," akajibu Mhariri Mkuu. "Tutakwenda mbali zaidi. Binti, wewe ni wa Handeni. Tangu leo ni Afisa Usambazaji, Handeni."

Usambazaji ni kazi ya kulifikisha jarida kwa msomaji. Mimi niliifanya kwa basi, kwa miguu, na kwa lori la mahindi pale basi lilipokwama. Nilirudi kwetu na mzigo wa majarida, nikiwa na hakika kwamba nitarudi nao Korogwe. Pale sokoni, akina mama walilitazama jalada wakaniuliza kwa huruma kama huyo dada mwenye gitaa ameolewa. Mzee Lengai, mfugaji wa Kimaasai aliyekuja mnadani na ng'ombe wake, alilishika jarida muda mrefu. Alikuwa mzee wa kuheshimika, wenzake hawaongei akiongea.

"Huyu ni morani," akasema. "Nywele ni za morani. Wa boma gani?"

"Ni Mzungu, mzee. Mwanamuziki."

"Ng'ombe zake ziko wapi?"

"Hana ng'ombe."

Akanirudishia jarida taratibu. "Mpelekee pole."

Nikaenda mpaka kwenye machimbo madogo ya dhahabu, na huko ndiko mambo yalikobadilika. Wachimbaji walisoma neno Mwamba na hawakuuliza zaidi, wakanunua mzigo wote. Mwenyekiti wao, mtu mfupi mwenye mabega kama mlango, aliniomba nisiwe napeleka kwa wachimbaji wa kule ng'ambo ya bonde, wasije wakapata siri. Mimi nilifikiri anaongea habari za nyimbo. Nikafurahi kwamba hatimaye tumewapata wapenzi wa muziki, na wenye wivu nao.

Nilivyorudi Korogwe, Mhariri Mkuu alinishika mikono yote miwili. "Nilijua," akasema. "Nilijua wapo." Akaingia ofisini kuandika makala kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, kuhusu bendi zisizojulikana za nchi za baridi. Kichwa chake kilikuwa: MWAMBA MZITO UKO KASKAZINI. Na aya ya kwanza ilianza hivi: "Ndugu msomaji, acha kuhangaika na kusini. Hazina imelala kaskazini, na bado haijaguswa."

Kule machimboni, jarida lilisomwa kwa sauti na mmoja aliyejua kusoma vizuri. Hakufika aya ya pili. Watu walikuwa wameshachukua sururu.

Haikupita muda mrefu, lori likasimama mbele ya ofisi. Wakashuka wachimbaji wamejaa vumbi jekundu, Mwenyekiti mbele. Nyuma ya lori, wamekaa kwa utulivu na shuka zao, walikuwepo Mzee Lengai na mzee mwenzake. Meneja wa Mauzo aliwaona dirishani, akakumbuka kwamba ana shughuli posta.

"Mhariri ni nani?" akauliza Mwenyekiti.

"Ni mimi. Karibuni sana."

"Wewe ndiye uliyesema mwamba mzito uko kaskazini?"

Uso wa Mhariri Mkuu ulichanua. Tangu aanzishe jarida hakuna msomaji aliyewahi kuja kuijadili makala. "Ni mimi! Imekupendeza?"

"Tumechimba."

"Safi kabisa. Msomaji wa kweli lazima achimbe."

"Tumechimba kaskazini mwa kilima," Mwenyekiti akasema, "tumeacha maduara yetu, mashimo ya kusini yaliyokuwa yanatoa dhahabu kidogokidogo, tumeshuka mpaka kamba ikaisha. Tumekuta maji. Duara limejaa maji. Mashine ya kuvuta maji tumekodi, imezama. Sasa tuambie, mwamba wako uko wapi?"

Nilimwona Mhariri Mkuu akielewa. Ilimwingia polepole, kuanzia kwenye macho, na nikamwona anashika ukingo wa meza. Kilichomuumiza hakikuwa tishio la wale watu, ingawa wawili walikuwa wamekuja na sururu zao. Kilichomuumiza ni kwamba hakuwa na msomaji hata mmoja.

"Hamkuja kwa ajili ya muziki," akasema kwa sauti ndogo.

"Muziki gani?"

Ndipo Mzee Lengai, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaomba nafasi. "Mimi nimekuja kushukuru," akasema. "Kiangazi hiki ng'ombe wetu walikuwa wanakwenda kufa. Sasa wanakunywa pale. Nikauliza nani kaonyesha maji, nikaambiwa ni karatasi ya Korogwe. Nimeleta mbuzi."

Kweli alikuwa na mbuzi. Mwenyekiti akamgeukia akiwa amekasirika zaidi, na wakaanza kubishana shimo ni la nani, huyu anasema ni duara limeharibika, yule anasema ni kisima kimepatikana. Sauti zikapanda. Mchimbaji mmoja akaiegemeza begani sururu yake, akawa analitazama lile rundo la marejesho kama mtu anayechagua pa kuanzia.

Mhariri Mkuu alikwenda kwenye gramafoni, akaweka santuri, akafungua sauti mpaka mwisho.

Sijawahi kuona watu wakinyamaza vile. Mbuzi alikwenda chini ya meza. Mwenyekiti alisimama mdomo wazi, kisha akasogea karibu na spika, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza ukuta wa duara.

"Hiyo ni kompresa ya machimboni," akasema.

"Hilo ni gitaa la bezi."

"Na hizo baruti?"

"Ngoma."

Mwimbaji akaingia na ukelele wake wa kupasua vioo. Mwenyekiti akashtuka. "Huyu ameangukiwa na nini?"

"Ameachwa na mpenzi wake."

"Lo! Pole yake." Akasikiliza tena, kichwa kikaanza kutikisika chenyewe, kidogo tu, akisahau kwamba ana hasira. Wenzake wakamwona, nao wakaanza. Mzee Lengai akasema kwamba sauti kama hiyo ingefaa sana kuita ng'ombe waliovuka mto. Santuri ikaisha.

"Rudia," akasema Mwenyekiti.

Tulirudia mpaka jirani wa vipuri akaja kugonga. Yakazungumzwa yakaisha: kisima kikabaki cha wafugaji na wanakijiji, wafugaji wakatoa ndama kwa wachimbaji kufidia jasho lao, na mbuzi akaliwa palepale Korogwe, Meneja wa Mauzo akiwa amesharudi kutoka posta. Kabla ya kuondoka Mwenyekiti aliweka sharti moja. "Andikeni juu ya jalada, ili mwingine asichimbe."

"Mkuu, tutajiua," Meneja akanong'ona. "Wanaonunua ni hao hao wanaokosea."

"Waandikiwe ukweli," akasema Mhariri Mkuu. Toleo lililofuata likatoka na mstari chini ya jina: Jarida la Muziki, Si la Madini.

Nawaambia nyinyi mnaosomea biashara: hakuna tangazo lililowahi kutufaa kama onyo lile. Wachimbaji walinunua kwa fahari, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa ajili yao. Pale Mombo, mabasi yanaposimama abiria wale, wauzaji walipita madirishani wakipaza sauti, "Si la madini! Si la madini!" Abiria akauliza ni nini hicho ambacho si la madini, na akishauliza tayari amelishika mkononi. Mama mmoja mshirika wa kwaya alishuka kutoka Vugiri kulalamika kwamba alinunua akijua ni mahubiri, akamkuta kijana kifua wazi. Tukaongeza: Wala la Dini. Akaja mjenzi aliyetaka bei za mawe ya msingi. Tukaongeza: Wala la Kokoto. Maneno hayo Meneja aliyachapa kwenye fulana, na fulana zikafika mijini ambako jarida lenyewe halijafika.

Mimi nilipanda kutoka Afisa Usambazaji nikawa Msaidizi wa Mhariri. Kampuni moja ya Dar ikaja kutaka kununua jina. Vijana wake walivaa vizuri, wakasema maonyo yale ni ya kishamba, yatolewe. Mhariri Mkuu aliwauliza tu kama wamewahi kufika Handeni. Hawakuwahi. Akawaagizia chai, wakanywa, wakaondoka.

Alipozeeka alinikabidhi kiti. Nilitarajia nasaha ndefu, maana alikuwa mtu wa maneno. Alisema hivi tu: "Usimcheke msomaji aliyepotea njia akafika kwetu. Hao ndio tuliokuwa nao."

Nilikuwa Mhariri Mkuu mpaka simu zilipokuja kuchukua kila kitu, muziki na wasomaji pamoja. Tulichapa toleo la mwisho, nikafunga mlango mchana kweupe, nikapanda basi la kwenda Mkumbara, kwa mume wangu, ambaye alikuwa ameshastaafu ualimu na kunisubiri.

Watu huniuliza kama naumia. Siku za mwanzo niliumia. Mikono ilikuwa inatafuta karatasi. Ila kazi ya uhariri haikuachi. Katika kikao cha posa cha mtoto wa jirani nilipewa hotuba ya mjomba nipitishe macho, nikaikata nusu. Mjomba ameninunia mpaka leo, lakini wageni walikula pilau ikiwa ya moto. Sasa wananiletea hotuba kutoka vijiji vya jirani, na za misiba pia.

Juzi mume wangu aliweka kijiko chini, akanitolea malalamiko marefu kuhusu mchuzi: chumvi haipo, zamani ilikuwepo, watu wa umri wetu wanahitaji ladha, chumvi haipo. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, "Aya ya kwanza na ya mwisho zinasema jambo moja."

Akafikiri. Mtu huyu alisahihisha insha maisha yake yote, hakubali kirahisi.

"Toa ya mwisho," akasema.

Nikamletea chumvi.