Nimevaa Meno ya Marehemu Mke Mwenzangu

Mwenye barua hii ni mama wa Shinyanga. Ameomba jina lake lisitoke, nasi tumelificha. Msomeni kabla ya kumlaumu.

Ndugu wasomaji, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mke wa pili wa mzee aliyekuwa akichuuza nguo kwenye makambi ya dhahabu kule Geita. Siku hizi haoni, na akili yake huja na kuondoka. Nimebaki naye peke yangu, maana Bi Mkubwa alifariki mwaka jana na hakuacha mtoto.

Nitasema kweli, sikumpenda. Meno yangu yalianza kung'oka kabla ya yake, lakini yake yalipong'oka alipelekwa Mwanza kwa fundi wa meno, akarudi na meno ya bandia juu na chini. Mimi nikaambiwa, "Wewe subiri." Sheria ya wake wawili mnaijua: ukimvika huyu, mvike na yule. Nilisubiri miaka mitatu, nikimung'unya ugali wa mtama kwa ufizi, na yeye akitafuna karanga mbele yangu kwa makusudi.

Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mwoshaji, bibi mtu mzima, aliyatoa yale meno akanikabidhi. "Yafukie kwenye shimo la maji ya maiti, mwanangu. Na ya humu ndani yasitoke." Nikaitikia, kisha nikayafunga kwenye pindo la kanga. Nilijiambia nachukua haki yangu.

Baada ya arobaini niliyasugua kwa majivu na chumvi, nikayavaa, nikampelekea mzee uji. Meno yale hutoa maneno na mluzi mdogo, vilevile alivyokuwa akisema marehemu. Mzee akainua uso, akatabasamu, akaniita kwa jina la marehemu. "Ulikuwa wapi siku zote? Kaa hapa tuzungumze." Tangu anioe hakuwahi kuniambia kaa hapa tuzungumze. Nilikaa.

Huu ni mwezi wa saba tangu niyavae. Ufizi umechubuka, chini ya ulimi pana vidonda vyeupe, pilipili siigusi na chai ya moto inaniliza. Dresa wa hospitali alipochungulia kinywa changu alishtuka. "Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "haya yalipimwa kwa ufizi wa mtu mwingine. Yavue, sukutua maji ya chumvi, utapona. Ukiendelea nayo kinywa kitaoza." Sikumwambia ni ufizi wa nani.

Lakini vidonda si kitu, jamani. Ninachoogopa ni marehemu. Nikitafuna, namsikia yeye akitafuna. Majuzi nilimkaripia muuza maziwa, jirani akasimama upande wa pili wa ua akaanza kusoma Kulhuwallahu kwa kutetemeka. Wallahi, hata shahada naogopa kuitamka kwa kinywa hiki. Na siku yangu ikifika, atakayeniosha atasema nini?

Msidhani sijajaribu kuyavua. Niliyavua siku moja, mzee akauliza Bi Mkubwa yuko wapi. Nikamjibu kwa sauti yangu kwamba alishafariki. Alilia kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari, siku mbili hakuonja chakula. Nikaona nitazika wawili. Nikayarudisha mdomoni, damu ikanijaa, naye akaniambia, "Alhamdulillahi, umerudi."

Basi Ijumaa iliyopita nilikuwa namkata kucha. Akanishika mkono, akauliza taratibu, "Mdogo wako yuko wapi? Mbona simsikii siku hizi?"

Nikasema ametoka kidogo.

"Amenikasirikia, najua. Yule sikumtendea haki. Akirudi mlete hapa, nataka nimwombe radhi kabla sijafa."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Miaka ishirini na mitano nimeyangojea maneno hayo, na nilipoambiwa aliambiwa mwingine. Nikamalizia kucha zilizobaki.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikimpa uji ananiuliza kama mdogo wangu amerudi. Namwambia bado. Na mzee anazidi kudhoofika. Ndugu zangu, mama zangu, nishaurini: nimpelekee yupi?