Kitanda cha Kuazima, Rungwa

"Mbeba magunia wa Shelui atamfundisha nani kubeba mgonjwa?" Ndivyo walivyosema kijijini kwetu. Basi wajue: stashahada ya uuguzi ninayo, na ada niliilipa kwa mgongo huu huu, nikipakia alizeti kwenye malori pale Shelui.

Nilikwenda nyumbani Rungwa kwa sababu ya baba mdogo Shabani. Alianguka mtini akirina asali, wakamkalisha kwenye baiskeli, mgongo umeumia, kumpeleka zahanati. Hajasimama tena. Na mwanawe Ramadhani anapanda miti ileile.

Asubuhi niliondoka Singida mjini, shati langu limenyooshwa kuliko la dereva. Itigi nikabadili gari. Kuanzia hapo ni vumbi jekundu na pori, mizinga ya nyuki ikining'inia matawini.

Rungwa, baada ya shikamoo, nikaazima vifaa: kitanda cha kamba kwa Mzee Petro, kamba za kushushia mizinga, khanga za majirani. Warina asali wakakusanyika tufanye zoezi la kumbeba aliyeumia mgongo.

"Nani atakuwa mgonjwa?"

Kila mtu akarudi nyuma. Mzima kulala kwenye kitanda cha kubebwa ni uchuro, ni kujiitia kifo.

Mama mdogo Zainabu, mke wa Shabani, akajilaza chini. "Uchuro ulishafika kwangu. Nibebeni mimi."

Vijana wakamkamata mikono na miguu.

"We! Mimi si gunia la Shelui!" akafoka mama mdogo.

Walicheka, nami nikacheka. Baba mdogo akajikokota, akamshika kichwa kwa viganja viwili kama nilivyoonyesha. "Hakuna kuinua mpaka niseme. Polepole, huyu ndiye anayenipikia."

"Kumbe unajua kunishika vizuri," akajibu mkewe, macho kayafumba.

Zoezi likaisha, baba mdogo hakumwachia.

Siku ya kuondoka, begi limeshafungwa, kelele zikatoka porini: Ramadhani ameanguka! Nilikimbia na stashahada yangu. Nikakuta kijana mmoja amepiga magoti, amemshika kichwa, wenzake wakisubiri kando ya kitanda. "Hakuna kuinua mpaka niseme," alikuwa akiwaambia. Sikuwa na la kusahihisha.

Hospitalini Itigi wakasema mfupa wa mgongo umepata ufa, ila atatembea tena.

Msimu uliofuata nilirudi Rungwa kurudisha vya watu, vilivyokwenda na Ramadhani hadi Itigi. Walioniita mbeba magunia hawakukosea. Kubeba ndiyo kazi yangu, na nimejifunza kwamba hufundishika. Khanga zilirudi zimefuliwa. Kitanda kikabaki cha mwisho. Nilikibeba kichwani, Ramadhani akatangulia na kamba begani.

Mzee Petro alitoka mlangoni. Hakukitazama kitanda chake. Alitazama miguu ya Ramadhani, inavyokuja.