Chachu ya Mama Fotunata

Harufu ya kimea cha mtama kinapoanza kuchacha hunifanya niinamishe kichwa, hata nikiwa peke yangu jikoni kwangu hapa Nachingwea. Wenzangu huwakumbusha harusi. Mimi hunikumbusha uongo wangu.

Tuliishi Nkowe, nikiwa na miaka tisa. Mama aliwapikia pombe watu waliokuja kutupalilia mikorosho, na sifa ya pombe yake ilifika hadi Matambarale. Chachu alipewa na jirani yetu, Mama Fotunata, aliyeitunza kwenye kibuyu na kuilisha uji kila juma. Yeye aliachiwa na mama yake mzazi.

Mama hakuwa na kipimo, alikuwa na kichupa. Akishatia chachu mtungini, aliteka pombe kidogo, akaizidishia chachu na kuiweka karibu na mafiga, penye joto. Ile kidogo ilimaliza kuchacha upesi. Kesho yake aliionja, na utamu uliosalia kichupani ndio ungesalia mtungini. Kama mtungi bado ulikuwa mtamu zaidi, hakufunga madumu. Alingoja.

Sasa mimi, jamani, nilikuwa mroho wa vitu vitamu. Siku moja mchana kichupa kilikuwa bado kitamu, nikanywa funda moja, nikaongeza la pili, nikashtukia kitupu. Asubuhi, kwa hofu ya fimbo, nikakijaza kutoka mtungini.

Mama alionja huku, akaonja kule. Utamu ni ule ule.

"Mbona imeishia hapa?" alishangaa. "Chachu ya Mama Fotu imechoka hii." Akaamini mtungi umemaliza safari, akajaza madumu na kukaza vifuniko.

Saa sita, juani shambani, dumu moja lilivimba kama tumbo la chura, kisha likapasuka. Povu lilimrukia usoni katekista aliyekuja kupalilia. Watu walicheka mpaka wakakalia majembe. Mama hakucheka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Fotunata, nami nyuma nimeshika kanga yake.

"Chachu yako haieleweki, dada. Inalala nyumbani, inaamka shambani! Umeniaibisha mbele za watu."

Mama Fotunata hakubisha. Alichukua kibuyu, akakimwaga chote nyuma ya choo, kuku wakaja kudonoa. Nami, Mungu anisamehe, niliona nafuu.

Siku hizi napika pombe yangu kwa kipimo cha kioo kinachoelea, ambacho huzama zaidi kadiri utamu unavyoliwa na chachu. Bado naweka chupa pembeni kama Mama. Nilipoanza kulisha chachu yangu mwenyewe na kuona inavyoishi mwaka hadi mwaka, ndipo nilipoelewa kilichomwagwa siku ile. Miaka yote nilidhani niliyemkosea ni Mama peke yake.

Mama alikwisha kufariki. Mwaka jana nilipanda bodaboda hadi Chiola, anakoishi Mama Fotunata kwa binti yake, nikamweleza yote, kichupa na mafunda yangu. Nilitamani anitukane.

Aliuliza taratibu, "Kwa hiyo chachu ya mama yangu ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, mama. Nzima kabisa."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi nikamlaumu marehemu mama yangu kwa kuniachia chachu mbovu, mwanangu. Miaka yote hii."