Almasi ya Pembeni

Pete ya mke wangu ina jiwe moja la buluu katikati na almasi mbili pembeni, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama. Niliitengeneza mwenyewe tulipooana, wakati duka langu hapa Isiolo lilikuwa meza moja tu barazani. Almasi ya kushoto ilidondoka miaka mingi baadaye, nadhani ndani ya beseni la nguo. Akaendelea kuivaa hivyo hivyo, na tundu lake. Nikimwambia aniachie niitengeneze, alijibu kwamba wateja watangulie.

Kisha daktari wa macho kule Meru akatueleza kwamba presha ya macho imekula sehemu kubwa ya kuona kwake, na kwamba dawa itachelewesha tu, haitarudisha. Wakati wa kurudi tulianza kuteremka na joto la kwetu likatupokea. Akavua pete, akaiweka kiganjani mwangu.

"Nirudishie jiwe langu," alisema. "Nataka nilione mahali pake kabla macho hayajafunga."

Niliagiza almasi mbili kutoka Nairobi ili achague moja. Watu wakija dukani huwa nawaeleza polepole, kwa sababu hakuna aliyezaliwa akiyajua mambo haya, na wewe pia usione haya kuuliza. Almasi haina mwanga wake yenyewe. Hukatwa nyuso bapa, na kila uso hufanya kazi ya kioo kidogo, ukirudisha mwanga ulioingia. Mkato kamili una nyuso hamsini na saba. Ukiligeuza jiwe, linachemka cheche ndogondogo. Mkato wa zamani una nyuso kumi na saba tu. Huo hauchemki. Unanyamaza, unawaka mara moja kwa upana, halafu unanyamaza tena. Wengi huchukua mkato kamili, nami huwaambia wamechagua vizuri. Ila usichague almasi juani. Jua letu la mchana hulifanya jiwe lionekane jeusi. Kaa kwenye kivuli cha baraza, uache mwanga wa anga ulifikie taratibu.

Hapo barazani ndipo nilipomkalisha. Jirani yetu, mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia mlango wa pili, akaja na kigoda chake.

"Salaam aleikum. Naona leo duka limepata mteja mkubwa."

"Mkubwa na msumbufu," mke wangu akasema. "Kaa, unisaidie kumnyamazisha huyu."

Nilianza na mkato kamili. Niliishika almasi kwa kibano, nikaizungusha mbele ya uso wake.

"Wallahi, hii!" jirani akasema. "Hii wataiona mpaka Ngaremara."

"Mnaona nini?" mke wangu akauliza.

"Cheche," nikamwambia. "Nyingi. Ngoja niisogeze. Unajua, uso wa juu ukilala hivi, zile ndogo za pembeni..."

"Baba watoto, usinifundishe. Nionyeshe."

Nikaizungusha tena, huku maneno yakiendelea kunitoka. Jirani akanigusa bega.

"Mzee, nyamaza kidogo," alisema kwa upole. "Haoni."

"Naona weupe," mke wangu akasema. "Kama unga uliomwagika."

Nikachukua ile nyingine. Niliizungusha polepole kuliko nilivyowahi kumzungushia mteja yeyote. Mara akainua kichwa.

"Hapo! Rudisha."

Nikarudisha.

"Hapo tena." Akacheka. "Hii ina adabu. Inaningoja nifike."

Nilimwambia basi nitabadilisha na ile ya kulia, yenye mkato kamili, kwa kuwa almasi za pembeni lazima zifanane. Kila mwanafunzi wa kazi yetu hufundishwa hivyo kwanza.

"Hiyo niliolewa nayo," akasema. "Iache."

Nikaiacha, nikapachika kushoto ile aliyoichagua. Fundi mwingine akiiona pete ile atadhani niliishiwa na mawe.

Baada ya hapo, asubuhi alikuwa akikaa barazani kuchambua maharagwe, na kila mara alisimamisha kazi na kugeuza mkono. Nikiwa ndani kwenye meza yangu nilimsikia: "Hapo." Nami nilitabasamu peke yangu nikaendelea kupiga msasa. Mvua zikaja, zikaisha. Mkono wake ukawa unapanda karibu zaidi na uso, na lile neno likawa linakuja kwa nadra.

Asubuhi moja nilikuwa mlangoni alipoanza kuugeuza mkono. Almasi ikawaka, kwa upana wake wote. Hakusema kitu. Akageuza tena, ikawaka tena, naye akazidi kugeuza.

"Baba watoto, uko hapo?"

"Niko."

"Inawaka?"

Kwa kila swali la mawe nina maelezo marefu.

"Inawaka," nikasema.

Vidole vyake vikatafuta maharagwe kwenye ungo.

"Basi uwe unaniambia."

Siku hizi sifungui duka kabla sijakaa naye. Yeye anageuza mkono polepole kwenye kivuli, mimi naangalia ule upande wa kushoto, na jiwe likiwaka ninasema, "Hapo."