Pikipiki ya Mtani

Watu wakiniambia utani ni dawa ya moyo huwa nanyamaza kwanza, maana nikijibu upesi nitakosa adabu. Mimi ni mkunga, dawa nazijua. Jina langu Bertila. Nimezaliwa jirani na seminari ya Kipalapala, ambako baba alilima karanga na mihogo akanisomesha, na majirani wakamwambia anazitupa karanga zake kwa mtoto wa kike.

Mwaka sabini na tano nilikuwa kwenye zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa, mbele kidogo ya stesheni ya Igalula. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao ya zamani na kupangwa katika vijiji vitatu, na kwa vijiji vyote vitatu mkunga nilikuwa mimi peke yangu. Aliyekuja kupanga nyumba alikuwa na kamba ya kupimia. Hakujiuliza mwanamke mwenye uchungu atafikaje zahanati. Baiskeli yangu ilizama mchangani kila siku, nikawa naiburuta kama mbuzi mkaidi, na mara mbili nilifika mtoto ameshazaliwa na mama anavuja damu.

Katika kijiji cha tatu, cha mbali kuliko vyote, alikuwapo Flavia, mimba yake ya kwanza. Nilimpima nikaona mtoto ametanguliza makalio. Watoto wa namna hiyo nimeshawazalisha, lakini wanataka mikono inayojua. Flavia aliogopa. Nikamwambia, uchungu ukianza nitumie mtu, nami nitafika.

Ndiyo maana nikaamua kununua pikipiki kwa fedha yangu mwenyewe. Sikutaka kubwa kama ya polisi, ambayo ikilala chini siwezi kuiinua peke yangu. Wala sikutaka kile kidogo cha tarishi, ambacho mchanga wetu ungekimeza. Nilitaka ya wastani, iliyokwisha kutumika, ambayo mtu asiyewahi kuendesha anaweza kujifunzia.

Nikaelekezwa Gongoni, mjini Tabora, kwa Abasi, mtu wa reli aliyekuwa akijiandaa kuhamia Dar es Salaam. Abasi alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu na kupokelewa na babu zao. Mtani anakutukana unacheka. Anakunyang'anya kofia unacheka. Akija msibani kwako anakuchekesha na machozi yako usoni, na ukikasirika aibu ni yako.

Nilimkuta barazani na wenzake wanakunywa kahawa. "Haya, mke wangu kafika," akasema hata sijaketi. Akaitoa pikipiki, nyekundu, imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikamuuliza ina ubovu gani.

"Haina breki," akasema. "Mnyamwezi wa nini na breki? Babu yako katoka hapa mpaka pwani na pembe kichwani, breki alifunga wapi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nami sikukubali kushindwa. "Na babu yako alikaa pwani mdomo wazi akisubiri kuletewa," nikamjibu, na mzee Mfaume, mwenye nyumba, akacheka mpaka akamwaga kahawa yake. Nikatoa akiba yangu ya miaka minne, nikampa.

Siku tatu, alasiri, Abasi alinifundisha kuendesha katika uwanja wa mpira, bila kunidai hata senti, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. "Dereva hodari hategemei breki," aliniambia. "Punguza gia, injini ikushike." Nilidhani ni hekima. Nikaiandika daftarini kama nilivyokuwa nikiandika masomo ya ukunga, mjinga mimi.

Wiki mbili pikipiki ile ilinitumikia. Njia zetu ni tambarare, mchanga wenyewe unakushika, nami nilipunguza gia kama nilivyofundishwa. Nilizalisha watoto watano. Wanaume waliosema mwanamke hapandi pikipiki wakaanza kuniomba niwapakie.

Kisha mchana mmoja mtu akaja mbio kwa baiskeli: Flavia ameshikwa na uchungu. Nikafunga mkoba wangu nikaondoka. Kabla ya kijiji cha tatu kuna korongo, njia inateremka ghafla, na siku hiyo ng'ombe walikuwa wamejaa chini wanakunywa maji. Nikakanyaga breki ya nyuma, mguu ukazama bure. Nikakamata ya mbele, kitu kikakatika. Nilipokumbuka gia nilikuwa nimeshachelewa. Nikaielekeza kwenye ukingo, nikatupwa juu ya mawe, mfupa wa mtulinga ukavunjika.

Wachungaji walinibeba nimezimia, wakanirudisha Igalula. Flavia alijifungua akiwa na mama yake tu. Mtoto alikuwa wa kiume. Kichwa kilikwama, na hakuwapo mtu wa kujua la kufanya.

Fundi baiskeli wa Igalula aliifungua pikipiki ile mbele yangu. Kebo ya mbele ilikuwa imeungwa kwa waya, na nyuma hakuna kitu, chuma kinasugua chuma. Nilipomweleza katibu kata alicheka mpaka akafuta macho. "Kakuweza mtani," akasema. "Si alikwambia mwenyewe?" Hapo ndipo nilipojua hakuna ofisi itakayonisikiliza. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini usaha ukitumbuka kila mtu anaangalia pembeni.

Siku ya tano nilipanda treni mkono umefungwa kifuani, nikaenda Gongoni. Abasi alikuwa pale pale barazani.

"Nilikwambia haina breki, mbele ya mashahidi," akaanza. "Tazameni, Mnyamwezi kashindwa na mzigo."

Wakaanza kucheka. Nikasema, "Abasi, kuanzia leo mimi na wewe hatuna utani. Mimi ni mnunuzi, wewe ni muuzaji. Sema ulichokuwa unakijua."

Mzee Mfaume akaniambia kwa upole, "Mwanangu, maneno hayo hayasemwi."

"Nimeshayasema, mzee. Na mtoto ameshazikwa."

"Mtoto gani?" Abasi akauliza. Nikamweleza yote, korongo, Flavia, kichwa kilichokwama. Akaweka kikombe chini.

"Nilijua," akasema. "Nilidhani utaelewa. Wallahi, nitakurudishia fedha yako."

"Fedha baadaye. Kesho utapanda treni na mimi, ukamwambie mwenye mtoto. Na usicheke."

Alikuja, hilo sitamnyima. Tuliposhuka Igalula tukapata lifti ya trekta la kijiji hadi kijiji cha tatu. Nyumbani kwa Flavia wanawake walikuwa bado wamekaa naye. Mama yake alitutokea mlangoni.

"Shikamoo, mama," Abasi akasema.

"Marahaba, baba. Lafudhi hiyo ya pwani. Wewe Mzaramo?" Akasema ndiyo. Yule mama akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Afadhali mtani umekuja. Siku sita nyumba hii haijacheka. Ingia, keti, tutukane kidogo, mwanangu apate kucheka."

Wanawake wakasogea kumpisha kwenye mkeka. Wakamtazama, wengine wameshaanza kutabasamu, wanangoja. Abasi alikaa. Nilimwona akitafuta maneno, mtu ambaye sijawahi kumsikia akikosa la kusema. Nilijiambia, na aone, na aonje.

Mwishowe akasema akitazama mkeka, "Pikipiki ya mkunga niliiuza mimi. Breki zilikuwa mbovu. Nilijua. Nilimwambia kwa utani, nikachukua fedha yake."

Mama mtu bado alikuwa akitabasamu, akisubiri mwisho wa kichekesho. Ilimchukua muda kuelewa, kisha akaenda kusimama ukutani.

Flavia alikuwa amelala ametazama upande wa pili. Akageuka taratibu. Hakumtazama Abasi, alinitazama mimi.

"Alipokwambia haina breki," akaniuliza, "wewe ulifanyaje?"

Nikamwambia nilicheka.