Mshono wa Neno

Utoto wangu una harufu ya mpira mpya na grisi. Mama, mzaliwa wa Bukavu, alinunua vipuri vya magari akivisafirisha Kongo, na chumba chetu cha Dengfeng, mjini Guangzhou, China, kilijaa maboksi hadi dirishani. Mvua za joto zilipoanza, harufu ile ililala nasi kitandani. Msimu ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi, na tulikuwa tukijiandaa kumfuata Baba Norwei. Aliondoka nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwenye simu alituambia anaishi peke yake, na kwamba karatasi zetu za kusafiria zinakaribia kutoka.

Aliyenifundisha Kinorwei ni Dada Rehema, mwanafunzi kutoka Tanga aliyewahi kusoma kule kabla ya kupata ufadhili wa China. Alikuja kula sombe ya Mama, kisamvu cha kwao Kongo, kisha tukakaa kati ya maboksi. Neno la kwanza lilikuwa la biashara yetu: bildeler, vipuri. Mimi nikalisoma kama Kiswahili, nikikaza silabi ya pili kutoka mwisho, tena nikalikata bilde-ler. Rehema akacheka, akasema nimetamka kwamba picha inacheka. Bil ni gari, deler ni sehemu. Wale watu, akaeleza, hushona maneno mawili yakawa moja. Utafute kwanza mshono, kisha uzito wa sauti uuweke kwenye neno la mbele. Nikawa natembea barabarani nikikata maneno kimoyomoyo, nikijiona nimeshafika.

Karatasi zikakawia. Jumamosi moja Mama, aliyezoea kupigiwa, aliamua kupiga mwenyewe. Kwenye kibanda cha simu alisikiliza kidogo, akakunja uso, akanipa simu. Ilikuwa sauti ya mtoto, changa kuliko yangu. Nikamtaja Baba kwa jina, nikauliza yuko wapi.

“Pappa er på foreldremøte,” akajibu.

Pappa lilikuwa wazi. Nikatafuta mshono wa lile neno refu. Foreldre, wazazi, møte, mkutano. Uzito alikuwa ameuweka palepale, kwenye wazazi. Baba alikuwa mkutanoni, shuleni kwa mtoto yule. Shuleni kwangu Mama alikwenda peke yake siku zote.

“Anasema nini?” Mama akauliza.

Nikamwambia. Akanitaka nirudie polepole, nikarudia kipande kwa kipande. Akaichukua simu mkononi mwangu, akaishusha taratibu.

“Njia ya mwongo ni fupi,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Hatukwenda Norwei. Baba alipopiga alikiri yote, na baada ya hapo Mama hakuipokea tena simu yake. Rehema aliendelea kuja kula, lakini masomo yalikoma bila mtu kutamka kwamba yamekoma.

Leo tunaishi Bukavu. Zamani zile tulipanga foleni ili kusikia sauti ya mtu wa mbali. Sasa simu iko mfukoni, na yule mtoto, mwanamume mzima, alinitafuta mwenyewe. Huniita halvsøster, dada wa nusu, na kwa lugha yake uzito wa neno hilo hukaa kwenye nusu. Nimemzoea, hata nampenda. Lakini kila anapopiga, Mama huinuka akaenda uani, nami huongea kwa sauti ya chini mpaka tumalize.