Siku Mama Alipobebwa na Mkwewe

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata umande wake naukumbuka. Tulitoka kwetu, ng'ambo ya Usagara, alfajiri, tukielekea Butimba kwa miguu. Dada yangu Holo alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na mtoto hashuki. Mume wake, Masanja, alitembea usiku kucha kuja kumwita mama.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado hajawaamuru watu kufyeka pori kwa ajili ya mbung'o. Kwa hiyo mpaka ukaribie Buhongwa ilikuwa miti na mawe, mawe na miti, na njia inapita katikati ya majabali makubwa kuliko nyumba. Chui walilala humo. Hilo kila mtu alilijua.

Tulikuwa mama yangu Minza, jirani yetu Bibi Kwandu aliyekuwa mkunga, mimi Kabula, msichana mdogo tu, na Masanja. Lakini Masanja usingemwona. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani, hawagusani, wala hawatajani majina. Basi yeye alitangulia mbele kabisa, na kila penye njia panda aliiziba ile isiyo yetu kwa tawi bichi ili tusipotee. Mimi nilikuwa shemeji yake, naruhusiwa kumtania, ila siku hiyo utani ulitukauka.

Jua lilipopita utosini, nyani waliokuwa wakigombana juu ya mawe wakanyamaza wote pamoja. Bibi Kwandu akasimama. Akaniwekea mkono shingoni, akanionyesha chini kwa kidevu. Mchangani palikuwa na nyayo za Masanja, na juu ya nyayo zile palikuwa na alama ya mguu wa chui, mbichi, kingo zake hazijaporomoka. Maana yake mnyama yuko kati yetu na yeye.

Mama hakuona. Tulipomwambia tutembee karibu karibu aliongeza mwendo, akakanyaga jiwe lililolegea, mguu ukazama katika ufa wa mwamba. Alipoutoa, kifundo kilikuwa kimegeuka. Hawezi kusimama.

"Mwite shemeji yako," Bibi Kwandu akaniambia.

"Usimwite," mama akasema. "Nimekaa chini hivi, nguo imepanda. Aje anione?"

"Nani atakubeba, Mama Holo? Mimi na meno yangu haya mawili?"

"Nendeni kwa Holo. Mtanifuata kesho."

"Kesho tutafuata mifupa."

Nikaita. Majabali yakanirudishia jina lile, nikaiogopa hata sauti yangu mwenyewe. Kimya. Nikajua ameliwa. Nikaita tena, na hapo tukauona mgongo wake. Alikuwa akija kinyumenyume, anapapasa njia kwa visigino, mkuki mkononi, uso kaugeuzia porini asije akamwona mama mkwe.

"We mwanaume," Bibi Kwandu akasema, "unatembea kama kaa wa ziwani. Geuka ubebe mtu."

"Bibi, siwezi. Baba mkwe atasemaje?"

Mama, uso ukiwa magotini, akasema, "Bora niliwe."

Hapo Bibi Kwandu alikasirika, na alikasirika kwa sauti ya chini, ambayo naisikia mpaka leo. "Mnaheshimiana, vizuri. Mnaheshimiana kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya Holo? Huyo Holo sasa hivi anaita mama. Nikifika nimwambie nini, mama yako tumemwachia chui kwa sababu mumeo ana adabu?"

Alifungua kaniki yake ya juu, akamfunika mama kichwa mpaka kiunoni. Masanja akapiga magoti amefumba macho, tukampandisha mama mgongoni kwake. Mkuki nikapewa mimi. Mkuki, mwanangu, mimi ambaye sijaua hata panya.

Tukampita chui. Alikuwa amelala juu ya jabali la kushoto, mkia unaning'inia, anatutazama kama mtu anayetazama wageni wa jirani. "Usikimbie, Kabula," Bibi Kwandu akaninong'oneza. "Ongea tu." Nami sikuwa na la kusema, basi nikataja majina ya ng'ombe wa baba, mmoja mmoja, mpaka mawe yakaisha.

Butimba tulimkuta Holo yu hai, macho tu yamebaki. Mama alikaa nyuma yake na mguu wake ule uliovimba, akamkumbatia, Bibi Kwandu akafanya kazi yake. Kulipokucha mtoto akalia.

Baba alipoambiwa alichinja mbuzi kulisafisha jambo lile. Mama hakumtazama Masanja mpaka anakufa. Akimsikia anakuja alimpisha njia vilevile. Ila kila nilipotoka kwa Holo, swali lake la kwanza lilikuwa, "Yule amekula?"

Mwanangu, mila usizidharau. Mimi nimezeeka nazo. Lakini ujue ziliwekwa kumlinda nani. Ukimkuta mtu yuko chini na wewe unaona aibu kumgusa, mguse. Aibu tutaizungumza nyumbani, wazee wapo na mbuzi wapo. Na siku ukiwa chini wewe, kubali kubebwa. Hilo ndilo gumu zaidi. Niliona jinsi mama alivyotetemeka chini ya kaniki ile, na haikuwa kwa ajili ya chui.

Nenda, mwanangu. Miguu yako ishike njia, na wote unaowakimbilia uwakute wanapumua.